Redio Isiyokuwa na Ugonjwa

Fundi aliweza kufufua redio iliyotumbukia kisimani, lakini ilikuwapo redio moja iliyomshinda, nayo ilikuwa ya nyumbani kwake. Kila ilipopita miezi michache mkewe alimfuata hadi kibandani, akasimama mbele ya meza iliyojaa nyaya na skrubu, mkono kiunoni, akasema, "Mume wangu, redio yako inaumwa tena. Sauti imeshuka."

Fundi hakuwa mtu wa kubishana. Jioni aliipindua ile redio ya kaseti, akaifungua mgongo, akapuliza vumbi, akapima waya mmoja baada ya mwingine, akatia lehemu hata mahali pasipohitaji lehemu. Hakuona kitu. Redio ilikuwa buheri wa afya.

"Imepona?" aliuliza akiiwasha.

Mkewe aliweka kiganja juu ya kasha la spika, akainamisha kichwa, akafikiri. "Ina nafuu," alisema.

Haya, niambieni, ni fundi gani anayefurahi kuambiwa kazi yake ina nafuu? Basi alitafuta spika kubwa zaidi. Nayo ikaugua. Akatafuta kubwa kuliko hiyo, akaichongea kasha kwa mikono yake mwenyewe, mpaka mwisho wake sebule ikawa na spika yenye kimo cha kabati la vyombo. Muziki ulipopigwa, sakafu ya mbao ilitetemeka na vikombe vikatembea vyenyewe mezani. Majirani walinung'unika. Fundi aliwajibu kwa majivuno kwamba mkewe anapenda muziki, na fundi redio asiyeweza kumpa mkewe muziki afunge kibanda akauze mkaa.

Na kweli mwanamke yule alipenda muziki. Mtaa mzima ulimwita Mama Sikia, maana hakuna aliyepita karibu naye asishikwe mkono. "Sikia hapo! Sikia gitaa linavyoingia!" Alimshika muuza maziwa, alimshika mlinzi wa ghala, aliwashika hata wageni wa watu wengine waliokuwa wakiuliza njia. Lakini muziki ulikuwa kipande tu cha wazimu wake. Watoto wawili walipokua na kuondoka, chumba chao alikijaza vitabu na kanda za sinema, akaweka na televisheni na kiti kimoja chenye mto, akatangaza kwamba hicho sasa ni chumba chake na mtu asiweke humo ndoo wala ufagio. Vitabu alivisoma kwa pupa, kisha akawaazima wake wa jirani kwa nguvu, wapende wasipende, na wakivirudisha aliwakalisha chini wamsimulie, aone kama wamesoma kweli au wamekaa navyo tu.

Sinema ndiyo usiseme. Alitaka zile zenye maandishi chini. "Sinema bila maandishi ni mchuzi bila chumvi," alisema. Akishaitazama alikuja kuisimulia mezani, akiigiza kila mtu aliyemo, tajiri na maskini, mwizi na polisi. Alikufa mara kadhaa kwa wiki jikoni mwake, mwiko mkononi, na kila akifa binti yake aliyekuja kuwatembelea alicheka mpaka akatoka machozi. Fundi yeye alikula kimyakimya huku akimtazama. Hakuna aliyejua kwamba moyoni alikuwa akipiga makofi.

Kabla ya haya yote Mama Sikia alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo. Aliingia humo akiwa msichana na akatoka akiwa na mvi. Ndani ya ukumbi ule mitambo ilinguruma tangu asubuhi mpaka jioni, na ukimpigia mwenzako ukelele sikioni, anakutazama na kukuuliza kwa nini umefungua mdomo. Kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa midomo mitupu, bila sauti, kutoka mtambo huu hadi ule wa mbali, na wakaelewana barabara. Walisengenyana hivyo, walifarijiana hivyo, hata mzaha walitaniana hivyo. Fundi alipokuwa kijana akimngoja langoni, wasichana walipita wakichezesha midomo na kuangua kicheko, naye akabaki anajikagua kama amevaa shati kinyume. Mpaka leo hajaambiwa walikuwa wakisema nini.

Mama Sikia alipotoka kiwandani alianza kushona mapazia nyumbani, na nyumba ile tangu zamani ilikuwa na sheria zake. Hapana kuzungumza kutoka chumba kingine: "Mwenye la kusema aje mbele yangu. Mimi si ukuta." Hapana kusema huku umempa mtu kisogo. Hapana kusema na chakula kinywani wala mkono mdomoni. Wakati wa kula taa iwe ya kutosha na kila mtu akae anapoonekana. Watoto wake walikua hivyo, na walimu waliwasifu kwamba wana adabu, wakizungumza na mtu wanamtazama usoni. Simu hakuitaka kabisa. Mwana mkubwa alipopiga kutoka mbali, mama alimsukumia mumewe ile simu. "Simu haina uso," alisema. "Mwulize amekula? Mwulize ana afya? Kisha uniambie." Mwana alilalamika kwa baba yake kwamba mama hamtaki.

Halafu yakaja mambo ya masharubu. Fundi alikuwa na masharubu mazito ambayo ndiyo yaliyokuwa fahari yake pekee mwilini, kwa maana urefu hakujaliwa. Siku moja asubuhi mkewe alimwambia, "Hayo yanakuzeesha. Nyoa." Alipinga, akanuna, akasema baba yake alizikwa nayo. Mkewe alikata shauri kabisa kutozungumza naye mpaka ayanyoe, na Fundi akaenda kunyolewa, akarudi na mdomo mtupu kama kuku aliyenyonyolewa. Wenzake vibandani walimcheka mwezi mzima. Alikubali yaishe, kwa sababu alimpenda.

Hilo la kumpenda ndilo lililokuwa na shida yake. Fundi alizaliwa katika nyumba ambayo mwanamume hakumsifu mkewe mbele ya jua. Mchana ulimi wake ulijua kusema "chai iko wapi" na "bisibisi yangu iko wapi," basi. Lakini taa ikishazimwa, ulimi ule ule ulifunguka. Humo gizani alimwambia mkewe yote: anavyomwonea fahari, anavyoogopa uzee, sinema ile ya jana aliisimulia vizuri kiasi gani. Mkewe alilala amegeukia ukutani, hakujibu neno. Fundi hakuudhika. Kunyamaza ni kukubali, alijiambia, na mwanamke mwenye haya zake hajibu mambo kama hayo. Aliongea na ule mgongo kwa miaka, akalala usingizi mwema.

Ikawa dada yake, mkubwa wake wa tumbo moja na mjane, akatakiwa ahame nyumba aliyopanga. Aliomba hifadhi kwa mdogo wake. Fundi akalipeleka shauri pale alipozoea kupeleka mashauri yote. Taa ilipozimwa alimweleza mkewe polepole kwamba dada atakuja Jumamosi, na kwamba chumba kilichopo ni kile cha vitabu. "Najua ni chumba chako," alimwambia. "Ukiwa na neno, sema." Alingoja. Mkewe hakusema. Fundi alishukuru Mungu kwa kupewa mke wa namna ile.

Jumamosi pikapu ikasimama mlangoni ikiwa na godoro, masufuria, meza ya miguu mitatu na dada mtu juu ya vyote. Mama Sikia alitoka, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, uso wote furaha.

"Wifi! Karibu, karibu sana. Na vitu vyote hivi, unahamia wapi?"

Dada alicheka, akidhani ni utani wa mawifi. "Nahamia wapi tena, wifi yangu? Si hapa kwako!"

Mama Sikia alimtazama kinywani, kisha akalitazama godoro, kisha akamgeukia mumewe aliyekuwa ametokea mlangoni. Furaha ilikuwa bado iko usoni lakini ilikuwa tupu, kama nyumba isiyo na mtu.

"Nilikwambia, mama watoto," Fundi alisema. Aliona aibu mbele ya dereva. "Si nilikwambia?"

"Lini?"

"Juzijuzi tu. Tulipokwisha kuzima taa."

Hapo Fundi aliuona uso wa mkewe ukifanya jambo ambalo hajapata kuliona. Ulishtuka, lakini si mshtuko wa mtu aliyeletewa mgeni ghafla. Ulishtuka kama wa mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Midomo ikamcheza, macho yakaenda huku na huku. Kisha akacheka, kicheko kilichochelewa kidogo.

"Aa! Kweli, ulinambia. Usingizi ulikuwa umenilemea. Karibu wifi, karibu, pitisha godoro."

Aliingia ndani akaanza kutoa vitabu vyake kwa mafungu, akavipanga ukumbini chini ya ukuta. Hakunung'unika. Fundi alitaka kumsaidia akaambiwa akae. Alidhani mkewe amekasirika, akaamua kumwomba radhi taa ikizimwa, na kweli akamwomba, na kama kawaida hakujibiwa.

Dada hakukaa wiki kabla ya kuziba masikio kwa pamba. "Mdogo wangu, hii ni nyumba au ni gulio?" alimuuliza. "Vikombe vyenu vinacheza ngoma." Siku nyingine alimvuta kando. "Na wifi yangu ana kiburi. Namwita nikiwa nyuma yake, wifi, wifi, hageuki. Ni kama mbwa amebweka."

"Ni sheria ya nyumba, dada," Fundi alimjibu kwa upole. "Ukitaka kusema naye, mwendee mbele." Hivyo ndivyo alivyosema, mtu ambaye kazi yake duniani ni kusikiliza vitu vilivyoharibika.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Mchana umeme ulikatika mtaa mzima, na fundi redio bila umeme kazi yake ni kufukuza nzi. Fundi alifunga kibanda akaelekea nyumbani. Alipofika njia panda aliisikia sauti ya mkewe ikiimba, akazidisha mwendo kama alivyozoea, bila hata kujua kwamba anauzidisha. Alipokaribia mlango ndipo alipohisi kuna kitu kimepungua. Hakukuwa na ngoma wala gitaa, ni sauti ya mkewe peke yake.

Ndani, dada yake alikuwa ameketi, kikombe cha chai kimesimama nusu ya njia kati ya kisahani na mdomo. Hakumsalimu. Alinyoosha kidole.

Mama Sikia alikuwa juu ya stuli, peku, ameelekea dirishani, akibana pazia la mteja kwa pini na kuimba. Alifika mwisho wa ubeti, akanyamaza, akatingisha bega. "Sikia hapo, wifi! Sikia hilo gitaa linavyolalamika!" Akangoja. Aliinamisha kichwa upande mmoja kwa raha, kama mtu anayemwagiwa maji ya uvuguvugu, kisha akaingia tena na ubeti uliofuata, mahali penyewe barabara.

Hapakuwa na gitaa. Fundi aliitazama redio. Taa yake nyekundu ilikuwa imezimika na kaseti imesimama. Basi akili ya ufundi ikamfanyia upumbavu: aliinama, akatega sikio kwenye lile kasha alilolichonga mwenyewe, kana kwamba kosa liko kwake yeye. Ndani ya kasha palinuka mbao, hapakuwa na kingine.

"Ameanza na kaseti ikiwa inapiga," dada alinong'ona. "Umeme ukakatika. Nimemwambia, na nimemwambia tena. Mdogo wangu, huyu ni mzima?"

Fundi aliita, "Mama watoto!" Mkewe aliendelea kubana pini. Aliita tena kwa nguvu zake zote, mbwa wa jirani akabweka, mtoto barabarani akaacha kuvingirisha tairi lake. Bega la mkewe halikucheza. Fundi akashika ukingo wa meza. Alijua sasa, na kujua kwenyewe kulimjia kama kofi.

Wimbo ulikwisha. Mama Sikia alishika ukuta, akateremsha mguu mmoja. Unyayo ulipogusa mbao za sakafu, aliganda. Akateremsha wa pili taratibu, akasimama, vidole vya miguu vikipapasa mbao kama vinatafuta kitu kilichoanguka. Sakafu ilikuwa imekufa. Akageuka, akamwona wifi yake na kikombe chake, akaiona taa nyekundu iliyozimika, akamwona mumewe.

Fundi alikuwa ameziba kinywa kwa mkono. Humo humo nyuma ya mkono alikuwa akiuliza, tena na tena, hunisikii, hunisikii.

"Toa mkono, mume wangu," mkewe alisema. "Sioni unachosema."

Fundi akautoa. Mambo yalimwangukia moja baada ya jingine na kila moja lilimtia kiwewe kipya. Masharubu! Hayakumzeesha hata kidogo, yalimziba mdomo. Simu isiyo na uso. Mimi si ukuta. Taa ya mezani. Maandishi ya chini ya sinema. Kiganja juu ya spika, ina nafuu. Kaseti mpya aliyomletea mwaka mmoja, ambayo mkewe aliisifu sana picha ya jaladani na hakuipiga hata siku moja. Alikuwa ameipasua redio nzima na kuishona, ameipasua na kuishona, na mgonjwa amesimama pembeni akimshikia taa.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kiwandani." Mama Sikia aliketi kwenye stuli. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo nalo lilimshtua Fundi. "Ilikuja polepole. Kwanza ndege. Halafu kengele za baiskeli. Halafu watoto wakiwa chumba cha pili. Nyimbo zote ninazoimba ni za kabla ya hapo. Nikiweka kaseti najua ni upi unafuata, na sakafu inanipigia ngoma. Nyingine naimaliza mwenyewe kichwani."

"Watoto wanajua?"

"Binti kuna siku alinitazama sana. Nikafa haraka, kwa kisu cha sinema, akacheka akasahau."

"Na kwa nini hukuniambia mimi?" Fundi alikuwa anapaza sauti, kisha akakumbuka kwamba hakuna faida, akaishusha, kisha hakujua aiweke wapi.

Mama Sikia alimtazama dada, akamtazama yeye. "Unamkumbuka mwenzangu wa mtambo wa pembeni? Yule mcheshi kuliko sote? Yeye alisema. Siku aliyosema ndiyo siku aliyoacha kuambiwa mambo. Nilikwenda kumwona. Wamemweka kwenye kiti kizuri, wamempa chai nzuri, wanayazungumza mambo yake mbele yake kana kwamba yeye ni pazia. Wakicheka anauliza, mnacheka nini? Mkwe wake anamjibu, 'Si kitu, mama.' Mimi niliwasoma midomo, nilijua walichokuwa wakicheka. Walimcheka yeye." Alinyoosha kanga magotini. "Nikaapa hakuna atakayeniambia 'si kitu, mama' ndani ya nyumba yangu."

Dada aliweka kikombe chini. Macho yake yalikuwa yamejaa. Alikuja akasimama mbele ya wifi yake, mbele kabisa, akasema kwa kunyoosha kila neno kama anayefundisha watoto, "Wifi. Nisamehe. Nilikuita mwenye kiburi."

"Usifungue mdomo sana hivyo, wifi," Mama Sikia alimwambia. "Sema tu kama watu. Hivyo unanichanganya."

Pengine wangecheka hapo, na mambo yangeisha kwa kicheko, maana ndivyo mambo mengi ya nyumba ile yalivyoisha. Lakini Fundi alikuwa amesimama vilevile. Lilikuwapo jambo moja lililobaki.

"Na yale ya gizani?" aliuliza.

"Ya wifi? Hilo nililiona siku ileile ya pikapu. Nilijua ulinambia sikuona. Ningefanyaje, nikakubali."

"Si la dada tu."

"Lipi jingine?"

"Nilikuwa nakwambia mambo. Taa ikishazimwa." Alijilazimisha asitazame chini. "Kila siku."

Kwa mara ya kwanza siku ile Mama Sikia ndiye aliyepigwa na butwaa. Aliinuka, akaketi tena.

"Kila siku?" alisema. "Ulikuwa unasema, kila siku?"

"Miaka yote. Nilidhani unakubali."

"Mimi nimegeukia ukutani!" Sauti yake ilipanda mpaka ikakatika. "Mimi nimegeukia ukutani najiambia, mwanamume huyu ameishiwa maneno. Mchana ni chai na bisibisi. Usiku taa ikizimwa ni basi. Nilisema umenichoka. Nilisema unakaa kwa ajili ya watoto, na watoto walipoondoka nikasema, haya, sasa ataondoka na yeye. Ndiyo maana nikazidisha."

"Ukazidisha nini?"

"Haya yote! Kelele, sinema, kufa jikoni. Usinielewe vibaya, nayapenda, yananipa uhai. Lakini siku nyingine nilikuwa nimechoka, mume wangu, nimechoka kabisa, na bado nikasimama nikaigiza, kwa sababu wakati ule ndio ulionitazama."

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Miaka yote ile alikuwa akiupelekea mgongo maneno mazuri, na uso ukakaa na njaa. Alitaka kulia na akaona hata huko kulia atakuwa anajihurumia yeye.

Dada alikohoa. "Mimi ngoja nikaangalie kama kwa jirani umeme umerudi," alisema, ingawa umeme wa jirani na wao ni waya mmoja. Akatoka na kikombe chake. Alipopita ukumbini aliinama akachukua fungu la vitabu na kulirudisha chumbani, akaenda zake.

Mama Sikia aliliburuta pazia la mteja kando, pini zikadondoka, mwanga wa mchana ukaingia wote. Akaisogeza stuli, akakaa, akamwonyesha mumewe asimame wapi.

"Haya, sema."

"Niseme nini?"

"Yote."

"Yote siyakumbuki."

"Anza na unayoyakumbuka."

Jua lilimpiga usoni. Mikono yake ilitafuta bisibisi isiyokuwapo, ikaishia mifukoni. Yeye na mvi zake, mchana kweupe, mdomo hauna hata sharubu la kujificha nyuma yake. "Nilikuwa nakwambia," alianza, "nilikuwa nakwambia kwamba..."

"Usitazame chini."

Akainua uso. "Kwamba nikifika njia panda nikakusikia unaimba, nasahau kama nimechoka. Kwamba sijakutana na mtu anayefurahi kama wewe. Mwana wetu alipoondoka niliogopa nyumba hii itakufa, na haikufa, na nilijua ni kwa ajili yako. Kwamba ile sinema ya mwizi wa farasi..."

Macho ya mkewe yalikuwa yamemganda kinywani, na midomo yake mwenyewe ikicheza taratibu nyuma ya yake, ikiokota kila neno.

Ghafla umeme ukarudi. Kaseti iliendelea palepale ilipofia, na lile lispika likapasuka kwa ngoma na magitaa, vikombe vikaanza kutembea, vioo vya dirisha vikalia. Fundi aliruka kwa mshtuko. Hakuisikia tena sauti yake. Alinyoosha mkono haraka kuizima redio.

Mkewe aliisikia kwa nyayo. Akamshika kifundo cha mkono.

"Iache," alisema. "Hiyo haijapata kuumwa. Endelea."

Fundi akaendelea, katikati ya kelele alizozijenga kwa mikono yake, bila kusikia hata neno lake mwenyewe. Mkewe alimkatiza mara moja tu, akamtaka arudie pale pa njia panda, kwa sababu hapo alikuwa amekula maneno.